Kampuni huanza kuhesabu moshi wake pale mwenye fedha anapouliza

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nizungumzie jambo ambalo magazeti yetu yamekuwa yakiligusa kwa picha zaidi kuliko kwa maneno. Kila masika yanapoanza tunaona kurasa zenye viongozi wa kampuni za hapa Mwanza wakiwa na fulana mpya na miche mikononi, kandokando ya Ziwa Victoria, na chini ya picha maelezo kwamba kampuni hiyo inajali mazingira. Sina ugomvi na miti. Nimeona vilima vya jiji hili vikibaki mawe matupu na ninafurahi kila mche unaposhika. Lakini katika habari hizo sijawahi kusoma mahali ambapo kiongozi ameulizwa kiwanda chake kilichoma lita ngapi za dizeli mwaka uliopita, wala sijasoma mahali ambapo yeye mwenyewe alijiona analazimika kusema.

Ninachotaka kukieleza ni kitu gani hasa huifanya kampuni ijifunge kwa ahadi ya kupunguza gesijoto, yaani gesi zinazoipasha dunia joto kama hewa ukaa, kisha ikubali kuziweka hesabu zake hadharani ili wengine wazikague. Nimefanya kazi ya uhasibu katika viwanda vya samaki vya jiji hili kwa zaidi ya miaka 25. Huruma ya wenye kampuni kwa mazingira ipo, na nimewafahamu wakurugenzi waliokuwa nayo kwa dhati, ila sijawahi kuiona ikifungua mfuko peke yake. Mfuko hufunguka pale ambapo mtu mwenye sauti juu ya fedha za kampuni, awe mnunuzi, benki, mwenye hisa au mtoa leseni, anauliza swali linalotaka tarakimu, na kampuni ikatambua kwamba kunyamaza kutaigharimu kuliko kujibu.

Watu wa Mwanza wa umri wangu hawajasahau mwaka 1999. Soko la Ulaya la sangara lilikuwa limeshayumba kabla ya hapo, mara kwa sababu ya bakteria waliokutwa kwenye minofu, mara kwa sababu ya kipindupindu kilichozikumba nchi zetu kuanzia mwishoni mwa 1997. Mwaka ule Umoja wa Ulaya ulifunga mlango tena, safari hii kwa hofu ya sumu ambayo baadhi ya wavuvi walikuwa wakiimwaga ziwani ili kuvua. Nilikuwa karani kijana katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Nakumbuka vyumba vya baridi vilivyojaa minofu isiyo na mnunuzi, wafanyakazi wa meza za kukatia wakiwa wamekaa nje ya geti tangu alfajiri kwa matumaini ya kuitwa, na bei ya sangara mwaloni ikishuka mpaka wavuvi wengine wakaona ni heri kubaki nyumbani kuliko kununua petroli ya injini.

Nakumbuka pia kitu ambacho watu wa nje ya ofisi hawakukiona. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo, katika bajeti niliyokuwa naichapa mimi mwenyewe, ombi la maabara ndogo ya kupima samaki lilikuwa likiandikwa na kufutwa kwa kalamu nyekundu, mwaka baada ya mwaka, kwa maelezo kwamba tungoje mwaka ujao. Soko lilipofungwa, fedha ile ambayo haikuwepo ilipatikana katika wiki chache. Kiwanda kikaweka sakafu mpya, kikaajiri mtaalamu wa ubora, na kila katoni ikaanza kubandikwa namba inayoweza kufuatiliwa nyuma hadi tarehe na mwalo ambako samaki alishushwa. Serikali nayo ikaimarisha ukaguzi, na leo tuna Maabara ya Taifa ya Udhibiti wa Ubora wa Samaki hapa Nyegezi. Samaki hakubadilika wala ziwa halikubadilika. Mnunuzi alidai uthibitisho, na uthibitisho ukatengenezwa.

Nimesimulia hayo kwa sababu suala la tabianchi limekuja kiwandani kwa njia ile ile. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshapanda cheo, lilifika dodoso kwa barua pepe kutoka kwa mnunuzi wetu wa Ulaya. Halikuuliza kuhusu bakteria. Liliuliza lita za dizeli, uniti za umeme, kilo za gesi ya kupozea tulizoongeza kwenye mitambo, na kilomita walizotembea madereva wetu kutoka mialoni. Mkurugenzi alilisoma, akalisukuma upande wangu wa meza, akasema wewe ndiye mtu wa tarakimu.

Nilikwenda kwenye chumba cha jenereta kutafuta daftari. Lilikuwa daftari la shule la kurasa 96, limening'inizwa ukutani kwa kamba ya katani pamoja na kalamu, jalada lake limelowa oili mpaka linapitisha mwanga. Kila zamu ilitakiwa kuandika saa ya kuwasha, saa ya kuzima na lita zilizoongezwa. Kurasa za kwanza zilikuwa nadhifu. Kuanzia katikati, zamu za usiku ziliandika namba moja ile ile kila siku, na kulikuwa na wiki tatu nzima ambazo hazikuwa na neno. Nilipozilinganisha stakabadhi za mafuta yaliyonunuliwa na saa ambazo jenereta ilifanya kazi, palikuwa na pengo la karibu sehemu moja ya kumi. Dizeli ile haikuwa imechomwa na jenereta yetu. Ilikuwa ikitoka kwa madumu usiku. Tukagundua vilevile kwamba mipira ya milango miwili ya chumba cha baridi ilikuwa imechakaa, na mashine ilifanya kazi mchana kutwa kulipoza bonde zima la Ilemela.

Mkurugenzi yule, ambaye dodoso lilikuwa limemkera, alibadilika pale pale nilipomwonyesha pengo hilo. Mipira ya milango ilibadilishwa ndani ya wiki moja. Mita iliwekwa kwenye tangi. Tulikuwa tumeanza kuhesabu ili kumridhisha mzungu aliye mbali, na kumbe hesabu ile ilikuwa na faida kwetu kabla hata ya kumfikia yeye. Kila lita moja ya dizeli inayochomwa hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa, hivyo kiwanda kinachotumia lita 20,000 kwa mwezi kinatoa tani 54 kwa mwezi huo, na kila tani inayopungua ni mafuta ambayo hayakununuliwa. Ninasisitiza jambo hili kwa kuwa wenye viwanda wengi wanaamini kwamba uwazi ni mzigo unaobebwa kwa ajili ya watu wengine. Uwazi wa kwanza ni ule wa kampuni kujijua yenyewe, na kampuni nyingi hazijijui.

Dodoso la namna ile halikutungwa na mnunuzi wetu peke yake. Mwaka 2000 lilianzishwa mjini London shirika linaloitwa CDP, ambalo kazi yake ilikuwa kuziandikia kampuni kubwa kwa niaba ya wawekezaji na kuziuliza zinatoa gesijoto kiasi gani na zina mpango gani. Nguvu ya barua ile haikuwa katika ufasaha wake. Ilikuwa katika orodha ya majina ya wawekezaji waliokuwa nyuma yake. Mwaka 2001 ukatoka mwongozo wa kuhesabu gesijoto ambao ndio unaotumika zaidi duniani hadi leo, nao unazigawa hesabu katika mafungu matatu: moshi wa kampuni yenyewe, moshi wa umeme inaoununua, na moshi wa mnyororo mzima wa walioiuzia na walionunua kwake. Fungu la tatu ndilo ambalo kampuni hupenda kulikwepa, na kwa kawaida ndilo kubwa kuliko yote. Kiwanda cha minofu kikihesabu jenereta yake na kuacha ndege inayobeba minofu mibichi kwenda Ulaya, kimehesabu mkia wa samaki na kuacha mwili.

Kisha kikaja kizazi cha wenye fedha waliotambua kwamba hali ya hewa inaweza kuwafilisi. Mwaka 2015 Mark Carney, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu ya Uingereza, alisimama mbele ya watu wa bima katika jumba la Lloyd's mjini London akaeleza hatari za aina tatu: mafuriko na vimbunga vinavyoharibu mali, kesi za wanaodai fidia, na hasara ya ghafla kwa mitaji iliyowekwa kwenye biashara ambazo dunia inaziacha. Mwaka huo huo kiliundwa kikosi kazi chini ya Michael Bloomberg, ambacho mwaka 2017 kilitoa mapendekezo ya namna kampuni zinavyopaswa kueleza hatari hizo katika taarifa zao za fedha. Juni 2023 mapendekezo hayo yaligeuzwa kuwa viwango kamili vya kimataifa vya taarifa za uendelevu na za tabianchi, vinavyotolewa na taasisi ile ile inayosimamia viwango vya hesabu ambavyo sisi wahasibu tunavitumia kila siku, na hapa nchini Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu imevipokea.

Kwa msomaji asiye mhasibu hilo linaweza kuonekana dogo. Kwangu ni badiliko kubwa kuliko ahadi zote zilizowahi kutolewa jukwaani. Maana yake ni kwamba habari za moshi zinahama kutoka ofisi ya uhusiano, ambako kazi ni kupendeza, na kuingia ofisi ya hesabu, ambako kuna sahihi, kuna mkaguzi, na kuna adhabu kwa anayedanganya.

Benki nazo zimeanza kuuliza. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwaka 2022 mwongozo unaozitaka benki na taasisi za fedha kuzisimamia hatari zinazotokana na mabadiliko ya tabianchi. Afisa mikopo anayefuata mwongozo huo sawasawa hawezi tena kuipima rehani ya ghala lililopo ufukweni kwa kuangalia hati na picha pekee. Sisi wa kando ya ziwa tunajua sababu. Mwaka 2005 na 2006 maji yalishuka sana, kwa ukame na pia kwa maji mengi yaliyofunguliwa kwenye mabwawa ya Jinja ambako Nile inaanzia, na mabomba ya kuvutia maji ya baadhi ya viwanda yakabaki yananing'inia hewani. Mwaka 2020 ziwa likapanda hadi kuivuka rekodi iliyodumu tangu 1964, na mwaka 2024 likapanda tena. Jirani yangu ana gati dogo la mawe lenye ngazi 11. Mwaka 2006 tulizihesabu zote na bado palikuwa na mchanga mkavu chini yake, na mwaka 2020 nilihesabu ngazi mbili tu zilizokuwa juu ya maji. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili ni mvua inayoliangukia moja kwa moja, kwa hiyo mvua ikibadilika, ziwa linabadilika, na kiwanda kilichojengwa kwa kuamini kwamba ufukwe hauhami kinakuta ufukwe umehama. Mkopeshaji anayeuliza kuhusu jambo hili analinda amana za watu, na mkopaji anayejibu kwa ukweli analinda kiwanda chake.

Fedha pia huvuta kwa upande wa fursa, na hapa tuna mifano ya nyumbani ya kujivunia. Mwaka 2023 Benki ya CRDB iliuza hatifungani yake ya kijani, yaani hati ya kukopa kwa umma fedha za miradi ya mazingira, na kukusanya zaidi ya shilingi bilioni 171, kiasi kilichozidi mara kadhaa kile kilichokuwa kimelengwa. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga ikauza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya miradi ya maji, na Watanzania wa kawaida wakawa miongoni mwa walioweza kuinunua. Anayekopa kwa jina la kijani anakubali kueleza fedha zilikwenda wapi na zilizaa nini, na asipoeleza vizuri, safari ijayo hapati, au anapata kwa riba kubwa. Ninatamani kuiona siku ambayo taasisi za jiji hili la pili kwa ukubwa nchini zitakwenda sokoni kwa njia hiyo, maana mahitaji ya maji safi na maji taka hapa hayahitaji kuelezwa kwa mtu yeyote aliyewahi kupita kwenye daraja la mto Mirongo wakati wa kiangazi.

Huenda msomaji akauliza kama kutangaza namba peke yake, bila sheria ya kukataza wala faini, kunaweza kumbadilisha mtu. Kunaweza, na historia ipo. Baada ya gesi ya sumu kuvuja katika kiwanda cha Bhopal, India, Desemba 1984 na kuua maelfu ya watu, Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 1986 sheria iliyovitaka viwanda kutangaza kila mwaka kiasi cha kemikali za sumu vinachotoa. Sheria hiyo haikuvitaka vipunguze hata kilo moja. Mwaka 1988, kabla orodha ya kwanza ya taifa haijatolewa kwa wananchi, mkuu wa kampuni ya kemikali ya Monsanto alitangaza kwamba wangepunguza asilimia 90 ya sumu waliyokuwa wakiitoa hewani. Viongozi wake walikuwa wameziona namba zao wenyewe zikiwa zimejumlishwa kwenye karatasi moja, na walifahamu kwamba majirani wa viwanda vyao wangeziona pia. Mfano huu nimekuwa nikiwasimulia vijana wa uhasibu kila nilipopata nafasi, kwa sababu unaonyesha kwamba mtu anayeogopwa zaidi na kampuni wakati mwingine ni jirani yake anayejua kusoma.

Hata hivyo nisingependa mtu aelewe kwamba uzi huu umeshafumwa na hauwezi kufumuka. Mwaka 2021 ulianzishwa muungano wa benki za dunia, chini ya mwavuli wa Umoja wa Mataifa, zilizoahidi kuielekeza mikopo yao kwenye lengo la kumaliza utoaji wa gesijoto. Upepo wa siasa ulipobadilika Marekani, benki sita kubwa za nchi hiyo zilijitoa kati ya Desemba 2024 na Januari 2025, na kabla mwaka 2025 haujaisha muungano wenyewe ulikuwa umevunjwa. Tume ya masoko ya mitaji ya nchi hiyo ilipitisha kanuni ya kutangaza taarifa za tabianchi Machi 2024, na mwaka mmoja baadaye ikaacha kuitetea mahakamani. Kampuni ya mafuta ya Shell iliamriwa na mahakama ya The Hague mwaka 2021 kupunguza gesijoto kwa asilimia 45 ifikapo 2030, na Novemba 2024 mahakama ya rufaa ikaiondoa amri hiyo ya kiwango, ingawa ilikubali kwamba kampuni ina wajibu wa kupunguza. Ahadi iliyotolewa kwa sababu wengine wanaitoa huondoka wengine wanapoondoka. Inayobaki ni ile ambayo imefungwa kwenye mkataba wa mauzo, kwenye masharti ya mkopo, au kwenye sheria ya nchi.

Kuna pingamizi moja ambalo nimelisikia mara nyingi na ninaliheshimu. Husemwa kwamba nchi yetu inachangia sehemu ndogo mno ya gesijoto ya dunia, kwa hiyo kuvibana viwanda vyetu ni kumtwisha asiyekosa mzigo wa mkosaji. Ni kweli kwamba waliochafua zaidi si sisi. Lakini mwenye kiwanda wa Nyakato hashindani na historia. Anashindana na mwenye kiwanda wa nchi nyingine anayeuza kwa mnunuzi yule yule, na mnunuzi ameshaanza kuuliza. Asiye na namba ataondolewa kwenye orodha kimya kimya, bila barua wala tangazo, tofauti na 1999 ambapo angalau tulisikia kwenye redio kwamba mlango umefungwa. Tena tuna jambo zuri la kusema tukijipima: umeme wa gridi yetu sasa unategemea maji kwa kiasi kikubwa, kwa mchango wa Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, na hata maporomoko ya Rusumo kwenye mto Kagera, ambao unamwaga maji yake katika ziwa hili, yanazalisha umeme tunaogawana na Rwanda na Burundi. Kiwanda kinachohama kutoka jenereta kwenda gridi kina namba nzuri, ila namba nzuri isiyoandikwa haimsaidii mtu.

Mahali ambapo moyo wangu hauko radhi ni pale mzigo wa kuthibitisha unapoteremshwa kwa mnyonge. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu mazao yanayohusishwa na ukataji wa misitu, ambayo kuanza kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja, inataka kahawa inayoingia kule ijulikane imetoka shamba gani hasa kwa vipimo vya ramani. Nia yake ni njema. Lakini ng'ambo ya ziwa, katika mkoa wa Kagera, kahawa hulimwa na familia zenye vishamba vidogo vya kahawa na migomba pamoja, ambavyo babu aliviacha kwa mdomo, bila ramani. Mzee wa Muleba au Karagwe hawezi kuambiwa anunue simu ya kupimia ili tajiri aendelee kunywa kahawa yake asubuhi kwa dhamiri safi. Gharama ya kupima inapaswa kubebwa na kampuni inayonunua na kuuza, kwa kuwa ndiyo inayopata faida ya cheti. Vivyo hivyo kwa kina mama wanaoanika dagaa Mwaloni Kirumba: hao hawadaiwi ripoti ya tabianchi na mtu yeyote mwenye busara, na wameshabeba hasara yao tayari kila mvua isiyotarajiwa inapowanyeshea dagaa mchangani.

Kwa hiyo nani hapa kwetu mwenye uwezo wa kuuliza? Mifuko ya hifadhi ya jamii inamiliki hisa na hatifungani kwa fedha za michango yetu. Wanachama wake wanaweza kudai kwamba kila kampuni iliyowekezewa iweke hadharani hesabu zake za gesijoto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inatambua haki ya mwananchi kupata taarifa za mazingira, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inazigusa ofisi za umma na hata baadhi ya taasisi binafsi zenye taarifa zenye maslahi makubwa kwa umma. Haki hizo hazitumiki kwa kiasi kinachostahili. Sababu mojawapo, kwa maoni yangu, ni lugha. Ripoti za uendelevu nilizowahi kushiriki kuziandaa zote ziliandikwa kwa Kiingereza, kwenye karatasi ya kung'aa, zikasomwa Ulaya na Dar es Salaam. Mwenyekiti wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi pale Igombe, ambaye anauona moshi na maji ya kiwanda kila siku ya Mungu, hajawahi kuzisoma, na si kwa sababu hana akili ya kuzielewa.

Ninapendekeza kila kiwanda kikubwa cha ukanda huu wa ziwa kibandike getini, mara moja kwa mwaka, ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema: dizeli lita kadhaa, umeme uniti kadhaa, kuni au mkaa tani kadhaa, maji yaliyovutwa ziwani kiasi kadhaa, maji taka yaliyorudishwa na yalipimwa na nani, na pembeni yake namba za mwaka uliotangulia. Kazi ya kuandaa ukurasa huo, kwa kiwanda kinachotunza madaftari yake, ni ya siku mbili za karani. Najua kwa sababu nimeifanya.

Na kwako, Mhariri, nina ombi. Masika ijayo utakapotuma waandishi kwenye upandaji wa miti, waagize wamuulize kiongozi wa kampuni maswali manne kabla ya kupiga picha: mlichoma lita ngapi za dizeli mwaka jana, mlichoma ngapi mwaka juzi, nani asiye mwajiriwa wenu amezihakiki namba hizo, na katika miche mliyopanda masika iliyopita ni mingapi iliyo hai leo. Majibu yachapishwe chini ya picha, kwa maneno yake mwenyewe, na asiyejibu iandikwe kwamba hakujibu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhasibu mstaafu,
Nyegezi, Mwanza